Mume wangu asema rangi ya mafuta ni ya kupaka milango

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Orlando, Florida. Natunza wazee majumbani kwao. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Tunabeba maboksi kama wenzetu, na shabaha yetu ni moja: kile kiwanja chetu cha Kange kisimame nyumba.

Mwaka juzi nilimtunza bibi mmoja wa miaka 91. Sebuleni kwake kulikuwa na picha kubwa, mkrismasi umechanua kando ya mto. Mkrismasi, Shangazi! Mwekundu kama ule tuliokuwa tukiokota maua yake shuleni. Nikimlisha bibi, macho yangu yako ukutani. Alipofariki, binti yake aliishusha ile picha akanipa, akasema mama alitaka hivyo. Imechorwa kwenye ubao laini kama silingibodi, pembe mbili zimevimba, fremu ni nyeupe yenye michirizi ya dhahabu. Chini kulia pameandikwa "Newton".

Hapo ndipo wazimu uliponiingia. Huku mzee akifariki, watoto hufungua nyumba Ijumaa asubuhi, kila kitu kimebandikwa bei, mpaka vijiko. Wenzangu wanakimbilia masofa na vyombo. Mimi nakimbilia kuta. Nimeshanunua picha nane, zote za rangi za mafuta, zote za mkono. Nyingi ni za dola 20, 40, 60. Moja niliipata kwa 35: msitu wa majani ya njano na vilima vya zambarau kwa mbali, wala si miti ya huku. Nyuma ina karatasi iliyochanika, nasoma neno "Hoosier", mwaka 1938, na nusu ya jina la mwanamke. Hoosier ndiyo nini, sijui.

Ile niliyoitolea pesa ya maana niliinunua mtandaoni, dola 650. Ni mawimbi na minazi, imesainiwa "A. Hair", na nilikuwa nimesoma kwamba huyo na Newton walikuwa kundi moja la wachoraji weusi wa Florida, waitwao Highwaymen. Iko kwenye turubai safi iliyobanwa kwa pini za stepula, na nyuma kuna kilebo cha kiwanda cha hiyo turubai, chenye mistari ile ya kupigia bei na anwani ya tovuti yao. Muuzaji alisema ni ya mwaka 1965.

Sasa shida zangu. Mume wangu nilimwambia kila picha ni dola 20. Akaiona risiti ya 650. Hakupiga kelele, ingekuwa heri angepiga. Alisema tu, "Rangi ya mafuta kwetu ni ya kupaka milango, na hiyo milango yenyewe hatuna." Leo siku ya nne, hatuzungumzi ila habari za watoto.

Pili, kuna dalali aliyeiona picha ya mkrismasi kwenye simu yangu. Anatoa dola 900 taslimu, ila anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nikiuza, ile 650 itakuwa imerudi na nyumba itatulia.

Tatu, hiyo picha imegeuka njano, maana bibi alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Rafiki yangu ananiambia niisugue kwa kiazi kibichi kilichokatwa, au maji ya sabuni kidogo tu.

Niuze? Nisafishe? Au niache huu ujinga moja kwa moja?

Mpenda Kuta, Orlando

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kwanza weka hicho kiazi chini. Kikaange.

Ubao uliouita silingibodi hujakosea sana. Kwa jinsi unavyouelezea, unafanana na ule unaoitwa Upson, ubao wa ujenzi wa kukandika kuta na dari, uliotengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa. Ukiugusisha maji unayanywa kama mkate. Hizo pembe mbili zilizovimba ni ushahidi kwamba maji yalishaufikia wakati fulani. Utando wa sigara kweli unaweza kutolewa, lakini ni lazima mtu ajue kwanza chini yake kuna vanishi au ni rangi tupu, na wewe na mimi hatujui. Kuna mafundi waliosomea kazi hiyo. Chama chao, American Institute for Conservation, kina orodha ya mafundi ambayo unaweza kuitafuta kwa eneo unaloishi. Kabla hujamwona fundi, kazi yako ni moja: brashi laini, kavu, kupangusa vumbi. Na usiitundike mbele ya dirisha la jua, wala jirani na bafu, wala chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji.

Nimeanza na kiazi kwa sababu dalali anaweza kusubiri, hata kama yeye anasema hawezi.

Mtu anayekuambia bei ya kitu chako asiwe ndiye anayekinunua. Hilo ni la zamani kuliko Florida. Wauza ng'ombe wa Pugu wanalijua. Michoro ya Harold Newton iliyo halisi leo huuzwa kwa maelfu ya dola, na dalali wa eneo hilo hawezi kuwa halijui hilo. Jumamosi yake si tarehe ya kitu chochote. Ni kamba ya kukukimbizia. Mwambie picha haiuzwi, umshukuru, ufunge simu. Ukitaka bei ya kweli, tafuta mthamini anayelipwa kwa saa au kwa kazi. Anayetaka asilimia ya thamani mkimbie, na anayekuambia "mimi mwenyewe nitakuondolea" mkimbie zaidi.

Lakini sijasema picha yako ni ya Harold Newton. Uliandika "Newton" tu, na hapo pana kona. Harold alizaliwa 1934 akafariki 1994, na ndugu zake wawili, Sam na Lemuel, nao walichora. Ndugu watatu, jina moja la ukoo. Angalia kama kuna herufi mbele ya jina, na iwe ipi. Kisha funga safari ya Fort Pierce, mwendo wa kama saa mbili kutoka kwako, uingie jumba la makumbusho la A. E. Backus, zilipotundikwa picha za kundi lao. Usinunue kitu. Simama tu mbele ya picha za hao watu mpaka miguu ikuume. Tazama jinsi Newton anavyoliweka wingu, jinsi anavyokata mpaka wa maji na nyasi. Jicho hujengwa kwa kutazama halisi nyingi, na kwa miezi yote hii wewe umetazama za kuuzwa tu.

Hao watu wanastahili hiyo safari. Walikuwa 26, weusi wa Fort Pierce na vitongoji vyake, mwanamke akiwa mmoja tu, Mary Ann Carroll, aliyelea watoto saba kwa brashi, na ambaye mwaka 2011 alimkabidhi Michelle Obama mchoro wake. Walianza miaka ya 1950, Florida ya ubaguzi, kijana mweusi kazi yake ni kuchuma machungwa au nyanya. Mwalimu wa sanaa, Zanobia Jefferson, alimpeleka mwanafunzi wake Alfred Hair kwa Backus, mchoraji mzungu aliyekuwa akiwafungulia mlango weusi wakati jirani zake wanaufunga. Hair alijifunza, kisha akafanya hesabu yake mwenyewe: hakuna ukumbi utakaotundika picha za mtu mweusi, kwa hiyo dawa ni kuchora haraka, mbao kadhaa zimepangwa uani kwa mara moja, anapita na buluu kwenye zote, kisha kijani kwenye zote. Fremu walizitengeneza kwa mbao za urembo za dukani. Picha ziliingia kwenye buti la gari rangi ikiwa mbichi, zikauzwa ofisini na barabarani kwa dola 25 hivi. Mwenzao Al Black alikuwa muuzaji tu. Picha zilipokwaruzana garini alikuwa akizirekebisha mwenyewe, mpaka akajikuta naye mchoraji. Jina la Highwaymen walipewa na mtu wa nje katikati ya miaka ya 1990, na maana yake ya zamani ni wanyang'anyi wa njiani. Hebu fikiria, mtu aliyekuuzia kwa dola 25 kitu cha maelfu, halafu yeye ndiye mnyang'anyi.

Ukisoma habari za Hair hutaweza kuacha kumfikiria mtu wetu. Edward Saidi Tingatinga alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko kwenu Tanga kabla hajaja Dar. Alianza kuchora 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, na picha ziliuzwa chini ya mbuyu pale Morogoro Stores, Oysterbay. Ubao wa dari, rangi iliyopatikana, mteja anayepita na gari. Hair alipigwa risasi baa mwaka 1970 akiwa na miaka 29. Tingatinga alipigwa risasi na polisi mwaka 1972. Wote wawili waliacha nyuma watu wanaochora kama wao. Na wote wawili, baada ya kufa, walianza kusainiwa na watu wasiowafahamu.

Hapa ndipo nakuja kwenye ile ya 650, na naomba unisamehe nilivyocheka. Nilicheka kwa uchungu wa ndugu, maana mwaka 1994 nami nilinunua chui mwenye saini ya "E. S. Tingatinga", nikafika naye nyumbani, nikamwegemeza ukutani, saini ikabaki kwenye ukuta. Mwanangu, Alfred Hair alifariki 1970. Turubai yako ina anwani ya tovuti. Hapo hahitajiki mthamini. Muuzaji aliandika 1965, na hilo ndilo litakalokusaidia, maana ni dai, si maoni. Kama ulilipa kwa kadi, piga simu leo hii. Muda wa kulalamikia malipo huwa na mwisho. Piga picha ya hicho kilebo na saini na tangazo lake. Pesa zikigoma kurudi, itundike chooni kama mawimbi na minazi tu. Usimuuzie mtu mwingine kwa jina la Hair, kwani siku hiyo mghushi utakuwa wewe.

Kwa siku zijazo, saini iangalie mwisho. Geuza picha kwanza. Ubao, misumari, kutu, karatasi, vumbi, vyote vina umri, na ni kazi kweli kuvidanganyisha vyote kwa pamoja. Halafu mulika tochi kwa ubavu, rangi ya mkono itatupa vivuli vidogo; shika kioo cha kukuzia, ukiona vinukta vilivyopangana ni chapa ya mashine hata kama wameipaka gundi juu. Ukimaliza hapo ndipo uiangalie saini: kama imetumbukia ndani ya nyufa za rangi iliyokauka zamani, imeandikwa baadaye.

Sasa ile ya dola 35. Umeipa mistari mitatu kwenye barua yako. Mimi nilipoifikia nilisimama, nikaenda kutafuta miwani nyingine.

Hoosier ni jina la utani la watu wa jimbo la Indiana. Nimekaa huko miaka minne, Bloomington, mume wangu akifundisha Kiswahili pale chuoni, na mashariki kidogo ya mji ndiko kulikuwa na vilima vyako vya zambarau: Brown County. Mchoraji T. C. Steele alihamia huko mwaka 1907, baada ya kusomea kazi Munich, akajenga kilimani nyumba aliyoiita ya Pepo Ziimbazo, na kuanzia 1922 chuo kikampa chumba cha kuchorea akae na wanafunzi wamwone akifanya kazi. Alifariki 1926. Nilikuwa nikipita mbele ya picha zake na mtoto mgongoni, nikidhani zambarau ile ni chumvi ya mchoraji. Oktoba ya kwanza tukapelekwa Brown County na majirani. Si chumvi. Ukungu wa asubuhi kwenye vile vilima ni zambarau kweli.

Wachoraji wengine walimfuata au walikuja wenyewe kutoka Chicago, wakajaa katika kimji kidogo kiitwacho Nashville, si ile ya Tennessee. Na kuanzia mwaka 1925 kulikuwa na maonyesho ya kila mwaka ya watu wa Indiana, yaliyoanzia huko Chicago, yakiitwa Hoosier Salon. Picha iliyopelekwa kule ilibandikwa karatasi nyuma. Sijaiona yako, lakini neno Hoosier, mwaka 1938 na jina la mchoraji mahali pamoja, mimi ningeanza kutafutia hapo. Yalikuwa yakitoka na katalogi, zenye majina ya wachoraji na ya picha. Andikia Maktaba ya Jimbo la Indiana, waeleze unachosoma kwenye karatasi, uwaulize kama wana katalogi ya mwaka huo. Ukipata jina kamili, endelea na magazeti ya zamani ya mji wake: alisoma wapi, aliolewa akabadili saini, alifundisha shule gani. Utashangaa unavyoweza kumjenga mtu mzima kutokana na nusu ya jina.

Imefikaje Orlando? Nadhani kama bibi yako alivyofika. Wazee wa kaskazini wakistaafu huhamia Florida kukimbia theluji, wakibeba picha ya nyumbani kwao. Wakifa, watoto wanabandika dola 35.

Na hii ndiyo sababu siwezi kukuambia uache. Ulichokianza kina njia mbili, nawe umezichanganya. Newton na Hair si wachoraji wasiojulikana tena. Walishaingizwa katika orodha ya heshima ya wasanii wa Florida mwaka 2004, na bei zikaelekea huko. Mtu wa dola 60 ukiingia soko hilo utakutana na ama dalali au mghushi, na umeshakutana na wote wawili. Lakini huyo mwanamke wa 1938, nani ataghushi saini yake? Nani atampigia simu kabla ya Jumamosi? Kwa mtu asiyetafutwa unaweza kukosea bei, ila ni nadra kudanganywa. Jicho lako liko vizuri, nalijua kwa sababu liliichagua hiyo picha kati ya takataka za nyumba nzima bila mtu kukuambia. Lilipokosea ni siku lilipoanza kusoma saini.

Tunabaki na mume wako, ambaye kwa kweli ndiye mwenye barua hii.

Ametoa sentensi moja na ni nzuri kuliko zako zote. Usimjibu kwamba picha ni uwekezaji. Picha si kiwanja. Ukipata shida ya hospitali Jumanne, haiuziki Jumatano kwa bei yake. Na nyingi ya hizo nane hazitapanda kamwe. Lililomnyamazisha si dola 650 peke yake. Ni zile 20 zilizorudiwa mara nane, maana sasa hajui na mengine uliyomwambia yana bei gani.

Chukua daftari. Andika picha zote tisa, kila moja na bei ya kweli, tarehe, mahali ulipoipata, nyuma kuna nini. Usipunguze hata senti. Kila mkusanyaji wa maana ana daftari kama hilo, na siku ukifa au ukitaka kuuza, ndilo litakalosema picha ilitoka kwa nani. Akishuka kwenye lori, mpe alisome, bila maneno marefu. Mwombe radhi kwa zile ishirini-ishirini. Kisha wekeni pamoja kiasi cha mwezi, kiwe cha kwako, kisiguse Kange, na miezi sita ya kwanza kiwe sifuri. Nenda kwenye hizo nyumba za Ijumaa ukatazame tu. Ukiweza, nenda naye. Dereva wa masafa marefu amepita Indiana mwezi wa kumi kuliko wewe. Muulize zile rangi.

Jambo moja dogo lenye meno. Kampuni nyingi za kutunza wazee zinakataza mfanyakazi kupokea zawadi kutoka kwa mteja au ndugu zake. Soma mkataba wako, na kama ulitakiwa kutoa taarifa, itoe. Mwombe yule binti akuandikie barua fupi: kwamba picha ilikuwa ya mama yake, ilinunuliwa wapi na lini kama anakumbuka, na kwamba alikupa kwa hiari baada ya msiba. Itakulinda kazini, na itakuwa ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Huenda anakumbuka hata gari lililowaletea picha mlangoni.

Kuhusu mkrismasi wenyewe, ni mti wa Madagaska. Ukapandwa pwani yetu, ukapandwa na huko, ila kwenu sasa unachanua mwezi wa sita, si Desemba. Kwa hiyo macho yako hayakukudanganya siku ile, ni mti uleule.

Na ile karatasi ya 1938 usiibandue, wala usijaribu kuinyoosha. Ipige picha usiku huu, taa iwe ubavuni, unitumie. Nataka kulisoma hilo jina.

Shangazi